Msiba wa Shangazi Aliyekuwa Shambani

Watu wakiniuliza nani huwa mhariri wangu wa kwanza, natamani kusema ni ungo wa karanga. Sisemi, maana wanaouliza huwa wamevaa tai. Lakini ukweli ndio huo. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea na bado anakaa Zuzu, ndiye husikia kila ninachoandika kabla ya mtu mwingine yeyote. Mimi nasoma kwa sauti, yeye anabangua karanga. Hasemi neno. Hadithi ikichosha, vidole vyake vinakwenda mbio na maganda yanaruka. Ikianza kunoga, vinapunguza mwendo. Ikifika penyewe vinasimama kabisa, karanga moja imebaki katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada, na hapo najua nimempata. Kuna sura niliyowahi kumsomea, mpaka inaisha debe limejaa. Niliichana nikiwa bado uani kwake.

Shangazi anajua kwamba mimi ni mwizi. Kikohozi cha jirani, mwendo wa mchungaji, ugomvi wa mtu na mkewe dukani, vyote naviweka mfukoni na kwenda navyo nyumbani kwangu mtaa wa Kikuyu kuvifanya vyangu. Hajawahi kunikemea. Sasa katika riwaya niliyokuwa naiandika nilimwiba yeye mwenyewe, na kufika sura ya kumi na mbili nikamuua. Sikuwa na sababu ya maana. Mhusika alikuwa amenishinda, na mhusika akinishinda huwa nampa homa.

Kumsomea kifo chake huku namtazama usoni, niliogopa. Nikajidai nina mafua. Alfajiri moja nikairekodi sura nzima kwenye simu, kwa sauti nzito, nikamtumia binti yake anayeuza vitambaa mjini, nikiwa na nia kwamba jioni akirudi amsikilizishe mama yake. Sikuwahi kufanya hivyo kabla. Sikumwandikia maelezo yoyote pia, kwa kuwa niliona maelezo yangeharibu mwanzo. Mwanzo wenyewe nilikuwa nimejisifia siku tatu: "Ndugu zangu, shangazi ametutoka asubuhi hii."

Jambo nililolisahau ni hili: kwenye ukoo wetu, mimi ndiye hutangaza misiba. Inasemekana nina sauti ya kazi hiyo.

Binamu yangu alisikia maneno hayo sita akaangusha simu. Alipoiokota hakuendelea kusikiliza. Aliituma rekodi ileile kwenye kundi la ukoo, na huko nako kila mtu aliishia kwenye maneno hayo sita. Shangazi hakupatikana, kwa sababu simu yake hukaa kabatini ikiwa imezimwa ili isichoke. Mimi nami sikupatikana. Nilikuwa nimezima yangu, kama mwandishi anavyotakiwa kufanya akiwa kazini, nikalala fofofo.

Niliamka saa saba mchana. Sitaeleza nilichokikuta kwenye simu. Nilipanda bodaboda nikiwa nimevaa shati kinyumenyume, nikafika Zuzu nikakuta turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vinashushwa, akina mama wanapuliza moto chini ya masufuria. Mjomba wangu, dalali wa mahindi Kibaigwa, aliyeacha lori likipakiwa ili awahi, alinikumbatia akalia begani kwangu kabla sijafungua kinywa. Aibu ilinishika ulimi.

Isitoshe, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunisikiliza, maana mtani alikuwa kazini. Jirani wa shangazi ni mama wa Kinyamwezi, mtani wetu, na mtani msibani ana ruhusa ya kumtania marehemu atakavyo, na hakuna wa kukasirika. Alikuwa amejifunga kanga ya shangazi, amekalia kigoda cha shangazi, na ungo wa shangazi uko mapajani.

"Bwana asifiwe, mchungaji," akasema kwa sauti ya shangazi kabisa, akitabasamu. Halafu akageukia upande wa pili akanong'ona, "Leo naye amehubiri mpaka mboga zimechacha."

Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Akaonyesha shangazi anavyoficha sukari chini ya kitanda wakija wakwe. Akaonyesha anavyobangua karanga: ndogo kwenye ungo, kubwa mdomoni. Miaka yote niliyokaa mbele ya ungo ule nilikuwa natazama vidole vyake nione kama vimenipenda, sikuwahi kuona karanga kubwa zinakwenda wapi.

Ndipo shangazi akatokea kwenye njia ya shambani, jembe begani na mlenda mbichi kwenye kanga. Akaona turubai nyumbani kwake. Jembe likaanguka. Akashika kichwa akaangua kilio cha kweli.

"Jamani, nani amekufa? Nani amekufa kwangu?"

Binamu yangu akapiga yowe akakaa chini. Mtani hakuinuka hata kwenye kigoda.

"Wewe," akamwambia.

Ilibidi nieleze. Nilieleza vibaya, nikiruka ruka, mpaka mjomba akatoa simu akasema tuisikilize rekodi yote, tujue. Shangazi alidai kigoda chake akakaa, akadai ungo wake akauweka mapajani. Sauti yangu ikaanza kuunguruma chini ya turubai, watu wazima zaidi ya thelathini wakisikiliza. Humo ndani shangazi alikuwa mpole, mvumilivu, hajawahi kupaza sauti, uso wake unang'aa mtoni mwa mapambazuko. Nilitamani ardhi inimeze. Vidole vyake vilikwenda mbio toka mwanzo hadi mwisho. Maganda yalimfika mjomba kwenye viatu.

"Huyu ni nani?" akaniuliza ilipokwisha.

"Ni wewe, shangazi."

"Mimi?" Akamwelekezea kidole mtani. "Mimi ni yule pale. Sikiliza, we mtoto. Kuniua umeniua, kila mtu atakufa. Ila umeniuaje na mimi mwenyewe simo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema nisimletee tena makaratasi yangu, akaingia ndani na mlenda wake. Chakula kililiwa, kwa kuwa kilikuwa kimeiva. Watani wakanitoza jogoo kwa kuwaliza bure.

Jogoo nilimtoa siku ileile. Nyumbani ndiko mambo yalikonigeukia. Niliandika kurasa, nikazisoma kwa sauti mbele ya ukuta, na ukuta hauna vidole. Sikujua kilicho kizuri wala kibaya. Nikagundua pia, na hili liliniuma, kwamba nilimwandikia kifo kizuri namna ile kwa sababu cha kweli nakiogopa. Nampenda yule mama. Nilimpaka rangi mpaka akatoweka, nisije nikamwona anakwenda.

Nikaanza sura upya. Nikaweka sukari chini ya kitanda, nikaweka mahubiri, nikaweka karanga kubwa. Baada ya wiki kadhaa nikaenda Zuzu bila kuitwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akayaona makaratasi. Hakunifukuza, akavuta ungo.

Nikasoma. Vidole vilianza kwa kasi ile ile ya msibani. Kwenye mahubiri vikalegea. Kwenye sukari akaguna. Nilipofika kwenye karanga vikasimama kabisa, akanitazama kama mtu aliyekamatwa, nami nikanyamaza kwa sababu ukurasa ulikuwa umefika mwisho.

"Ehe," akasema. "Halafu?"

"Halafu anakufa, shangazi."

Akaitazama karanga iliyokuwa kati ya vidole vyake. Ilikuwa kubwa. Akaitupia mdomoni, waziwazi, mbele yangu, akatafuna polepole mpaka akamaliza.

"Mwache kwanza," akasema. "Karanga hazijaisha."