Mlango wa Chumba cha Seva

Katika taarifa iliyosomwa mbele ya kamati ya ofisi yetu ilielezwa kwamba karani mkuu alifunga mlango wa chumba cha seva kwa chuki ya mitambo mipya. Karani mkuu nilikuwa mimi. Sikupewa nafasi ya kujibu, basi najibu sasa nikiwa mstaafu.

Ofisi ilikuwa ndogo, ya wakulima wa chai upande wa Boito, na ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Seva ilikaa chumbani mwangu. Hesabu za kilo za majani ya kila mkulima zilihifadhiwa humo, na kompyuta ya banda la mizani, ng'ambo ya uwanja, iliunganishwa nayo kwa waya. Waya huo haukudumu. Kila ulipotundikwa, lori la majani lilipita na kizimba chake kirefu likaukata. Ndipo watu wa bandani walipokuja kwangu na karatasi zao. Walibisha hodi, wakaketi, wakanisomea tarakimu nami nikaziingiza. Katikati ya tarakimu niliambiwa ng'ombe wa nani amezaa na mtoto wa nani anaoa. Mke wangu alikuwa ameshafariki. Sikuwa na mazungumzo mengine kutwa nzima.

Hata hivyo, ni mimi niliyependekeza tuwekewe mtandao usiotumia waya, kwa kuwa kazi ilikuwa inachelewa. Hilo pia halikusomwa.

Fundi alitoka Kericho mjini, akaunganisha na seva kisanduku chenye antena mbili fupi. Kompyuta ya bandani haikushika chochote. Alihangaika mpaka nilipofungua mlango nimwage majani ya chai yaliyobaki kikombeni, na papo hapo ikashika. Kuta zetu zilikuwa za mabati, na mlango vilevile.

"Mzee, mawimbi hayapiti mabati," alisema akikusanya vifaa vyake. "Acha mlango wazi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka walete antena ya paa."

Nikauacha wazi. Nilivaa koti zito na kofia ya sufu, maana ukungu uliingia hadi mezani. Niliwaona wenzangu wakielekea bandani, wakiinua mkono wa salamu na kupita. Tarakimu zilikuja zenyewe kwenye skrini. Kiti cha wageni nikakiwekea mafaili, kisha nikayaondoa, isije ikadhaniwa kwamba hakuna nafasi.

Alasiri moja ikanyesha mvua ya mawe, ile inayoacha michai bila jani. Mawe yaliruka hadi kwenye seva. Nikafunga mlango ili kuiokoa. Hiyo ndiyo sababu, na hakuna nyingine.

Mvua haijatulia, mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa karani wa mizani, mama mmoja wa Longisa, amejifunika gunia kichwani.

"Mzee, umetufungia! Kompyuta imenyamaza, na wakulima kule wanataka kunila mzima!"

"Nimeyafungia mawe, mama. Si wewe."

"Wewe nawe! Umejifungia humu kama kuku anayeatamia." Akacheka, akavuta kiti bila kuambiwa. "Sirudi kwa hayo mawe. Leta hiyo chupa ya chai."

Nikammiminia. Akanisomea tarakimu, akanieleza habari za ndama wake aliyekataa kunyonya, na jinsi shemeji yake alivyojaribu kumnywesha kwa kijiko akapigwa teke. Nilicheka hadi nikavua miwani. Nilitamani mvua isikatike. Kutamani si kufanya, na mwandishi wa taarifa alipaswa kutofautisha hayo mawili.

Muda si mrefu taarifa ile ikasomwa, na antena ya paa ikaletwa kwa haraka ambayo sijaiona tena katika ofisi ile. Mkubwa wetu alikuja hadi kizingitini, hakuingia.

"Sasa unaweza kufunga, mzee. Mlango wako hatuuhitaji tena."

Niliuacha wazi hadi siku niliyostaafu, koti mwilini, chupa ya chai mezani na vikombe viwili. Hilo halimo katika taarifa yoyote.