Wiki Moja Malta, Mwezi wa Kwanza

Mume wangu si mtu wa safari. Katika miaka kumi na minne tuliyokuwa tumeishi Brussels alikuwa amenipeleka mahali pawili tu: Bujumbura, kuzika, na Ostende ufukweni mara moja, akakaa ndani ya gari akisikiliza redio. Kwa hiyo Jumapili ile ya mwaka 2012, aliponisukumia karatasi mezani na kusema, "Tunaenda Malta wiki moja, mwezi wa kwanza," nilisahau hata kutafuna.

"Nani anaenda?"

"Mimi na wewe, mama watoto."

Mwezi wa kwanza! Watu huenda visiwani kufuata jua, mwezi wa saba, wa nane. Nikamwuliza kwa nini tusingoje joto. Akasema wakati wa joto kunajaa watu. Tena alijibu haraka mno, kama mtu aliyekariri.

Wallahi, nilijua palepale. Kwetu Buyenzi, kule Bujumbura, mwanamume akitaka kuoa mke wa pili humpoza kwanza yule wa nyumbani. Mama yangu mdogo aliletewa cherehani mpya ya kukanyaga. Akaitangaza mtaa mzima, akatushonea sote magauni ya Idi. Wiki tatu baadaye akaletewa mke mwenza. Na huyu wangu alikuwa ametoka Bujumbura mwaka uleule, kwenye matanga ya mjomba wake, akarudi amenyoa ndevu. Anyoe ndevu za nini, mtu aliyekwenda msibani?

Sikumwambia kitu. Nilitaka nijue kwanza, ndipo niamue kwenda au kutokwenda. Maana nikienda ndiyo nimeshapozwa. Nitakuwa nimeila zawadi, na mdomo wa kulalamika sina tena.

Nilianza na bibi wa Kibelgiji niliyekuwa nikimhudumia kule Ganshoren, mjane aliyewahi kuishi Bukavu, aliyeniita maman ingawa angeweza kunizaa. Yeye alishakwenda Malta wakati wa baridi. Nikiwa namvalisha soksi nikamwuliza kukoje.

"Upepo," akasema. "Mvua. Mikahawa imefungwa. Hakuna cha kufanya hata kidogo."

Akacheka kwa raha zake. Mimi sikucheka. Mume gani anampeleka mkewe mahali pasipo na cha kufanya? Ni yule anayetaka mke alie mbali na ndugu zake, basi.

Alhamisi nikashuka Saint-Gilles kwa wifi yangu. Yeye na kaka yake hawafichani jambo. Nilimkuta anachambua lengalenga, mchicha wa kwetu, nikaketi, nikachambua naye, nikamwambia, "Wifi, kaka yako ananipeleka Malta." Nikamkazia macho. Hakushtuka! Na mtu asiposhtuka ujue habari anayo.

"Nenda, wifi," akasema, macho kwenye majani.

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Nenda tu. Donc, usimwulize maswali mengi, atavunjika moyo."

Avunjike moyo yeye! Nilirudi na metro hasira imenipanda mpaka nikapitiliza kituo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: kwamba Ubelgiji hawaandikishi wake wawili, kwamba mkataba wa nyumba una jina langu, kwamba watoto wako upande wangu. Wa mwisho alikuwa ameondoka Septemba kwenda kusoma Liège, lakini simu si zipo?

Nikangoja Jumapili. Ndiyo siku pekee tuliyokuwa wote nyumbani, maana yeye alisafisha ofisi za Porte de Namur kuanzia jioni, na mimi nilitoka alfajiri yeye akiwa bado amelala. Hata chai sikumwacha amalize.

"Ni nani?" nikamwuliza.

"Nani gani?"

"Huyo unayenipoza kwa ajili yake. Mtaje tumalizane."

Alinitazama, akacheka, kisha kicheko kikaisha. Aliona sitanii.

"Hakuna mtu," akasema. "Hata humu ndani hakuna mtu. Tangu mtoto aende, mimi na wewe tunaandikiana vikaratasi. Nyama iko ndani ya friji. Fundi atakuja Jumanne. Bon, nikatafuta mahali pasipo na kazi, wala ndugu, wala televisheni ya kwetu, na baridi ya kutufungia chumbani. Nataka nione kama bado tuna la kuongea."

"Na tusipokuwa nalo?"

"Basi tujue."

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningemjibu. Mwanamke mwenzangu ningemmudu, nilikuwa na maneno ya kumtosha yeye na ukoo wake mzima. Kwa hili sikuwa na hata moja. Niliogopa, tena kuliko nilivyoogopa wiki yote ile. Nikikataa kwenda, jibu lake ameshalipata. Nikienda, tutalipata wote wawili.

"Nitakwenda," nikasema.

"Vizuri."

Tukakaa. Nilitafuta la kuongeza, naye nikamwona analitafuta, macho kwenye kikombe. Hakuna aliyelipata. Mwishowe akanyanyuka aiwashe televisheni, nikamshika mkono wa shati.

"Kaa," nikamwambia. "Kaa kwanza."