Tranka la Eliya Limekaa Sebuleni Kwangu

Admin, naomba unifichie jina, na majina ya vijana nimeyabadilisha. Wapendwa wa ukurasa huu, poleni na majukumu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, mjane, naishi Buzebazeba hapa Kigoma. Shule niliishia darasa la nne, mkiona nimekosea kuandika mnivumilie, moyo wangu haujatulia.

Nina mtoto mmoja tu wa kiume, nimuite Baraka. Tangu yuko mdogo anasema atakuwa mchungaji. Kanisani kwetu akina mama tuna umoja, tunakamua mawese na kuyauza, na tunachopata tunasomeshea kijana mmoja chuo cha biblia. Ni mmoja tu, mpaka amalize ndipo aende mwingine. Mimi kwenye kile kinu nimetwanga chikichi mpaka mabega yakakataa. Kila tulipomsindikiza mtoto wa mwenzangu nilikuwa nasema moyoni, utafika tu mwaka wa Baraka.

Sasa, siku zile meli inaleta wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, tulikuwa tunawapikia uji. Kuna kijana alikuja akanipokea mwiko, akasema, "Mama, pumzika, nikoroge mimi." Nimuite Eliya. Mama yake alifia Kagunga kwa kuhara, hata kumzika vizuri hakuweza. Nilimlilia kama wangu. Alipelekwa kambini, baadaye mchungaji akamhangaikia kibali cha kuja mjini kutibiwa mguu uliokuwa ukimsumbua, akaulizwa unamjua nani Kigoma, akasema, "Namjua mama wa uji." Basi akaja kwangu. Akalala chumba kimoja na Baraka, wakala sahani moja, kichwa cha samaki wakigombea wanacheka.

Mwaka huu nafasi ya chuo ikatoka. Walioomba ni hao hao wawili wa nyumbani kwangu. Wazee wa kanisa wakakaa, wakamchagua Eliya. Wakasema kambini watu ni wengi na hawana mchungaji wa kuwaombea kwa lugha yao. Jamani! Mwanangu si Muha? Kiha chake hao Warundi hawakisikii? Wanasikilizana vizuri kabisa! Nilitamani kunyoosha mkono, nikaona haya.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu mwingine. Eliya akiimba asubuhi anafagia, naona ananiimbia mimi makusudi. Akiniita "Mama", naitika huku nimegeukia jiko. Na wenzangu hawanisaidii. Juzi kwenye kukamua mmoja akaniambia mbele za watu, "We Mama Baraka, ulimkaribisha mgeni ugali, kumbe na kiti cha mwanao umemwandalia!" Wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani nikalia.

Kibaya zaidi ni tranka. Desturi yetu, anayekwenda chuo akina mama wanamjazia tranka la bati. Na kwa kuwa Eliya anakaa kwangu, tranka limewekwa sebuleni kwangu! Mlango haufungwi. Huyu kaleta sabuni, huyu blanketi, huyu viatu, wananiambia, "Mama Baraka, ni za mtoto hizi." Mtoto yupi? Wa kwangu anapita pembeni ya hilo tranka kwenda kunywa maji.

Jumapili hii ndiyo ya kumuaga. Siku hiyo mama aliyemlea kijana anasimama mbele ya kanisa, anasema, "Huyu nimekaa naye, namjua, mchukueni." Kisha analifunga tranka na kumpa ufunguo. Mama akikaa kimya, kijana haendi, nafasi inashuka kwa anayefuata. Anayefuata ni Baraka. Na hapa mjini hakuna mama mwingine aliyekaa na Eliya ila mimi.

Eliya mwenyewe aliniuliza tukiwa tunachambua dagaa. "Mama, Jumapili utanifungia?"

Nikamwambia, "Tutaona."

Akaniangalia, akainama akaendelea kuchambua. Hakuniuliza tena.

Baraka nilimwambia ukweli wangu. Nikasema, "Mwanangu, mimi nikikaa tu kwenye benchi, siku hiyo hiyo nafasi ni yako."

Akasema, "Mama, utasema humjui?"

"Sitasema kitu. Nitakaa."

"Basi umesema humjui." Akatoka. Chakula changu hakukila.

Jana niko peke yangu nikalifungua lile tranka, nione wamemjazia nini. Juu kabisa nikakuta foronya zangu. Zile nilizotarizi kwa mkono wangu, maua mekundu, nimemtunzia Baraka miaka yote kwa ajili ya siku yake ya chuo. Kazitoa kabatini mwenyewe, kamwekea mwenzake, wala hakuniambia! Nikazitoa. Ninavyoandika hapa nimezificha chini ya godoro langu, na Baraka ameshajua hazipo, maana ameniamkia shikamoo bila kuniangalia usoni.

Wapendwa, simchukii Eliya. Nikisikia anakohoa nachemsha maji ya tangawizi kabla sijafikiri. Lakini nikimuona Baraka amebeba jembe la watu kwenda kulima vibarua Mwandiga, na mwenzake anajaribu viatu vipya, roho inauma, siwezi kudanganya. Nikisimama, nimemfungia mwanangu mlango kwa mkono wangu. Nikikaa, yule mtoto aliyezika mama yake Kagunga anapoteza mama mara ya pili, tena mbele za watu, na sijui Baraka ataipokeaje nafasi ya namna hiyo.

Wazazi wenzangu, mlio na watoto wa kuzaa na wa kulea, semeni na mimi kabla ya Jumapili. Nisimame au nikae? Na hizi foronya nizirudishe?