Nilisema Mimi Nabeba Nyasi Tu

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninawe miguu mara tatu kwenye karai, ndipo niingie mtumbwini. Aliyeniamuru alikuwa baba yake Kemilembe, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Ilikuwa Muleba, Uhuru ukiwa bado mbichi. Nilikuwa nimemaliza sekondari na kurudi nyumbani na mtoto mgongoni.

Ninyi wasichana mnaomaliza shule sasa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, mnaiona ikiwa tayari kibuyuni. Naandika mjue ilivyotengenezwa, na nani. Nina miaka ishirini na saba na nimekwisha kustaafu. Msinipe pole kabla hamjasoma.

Mtumbwi ninaousema si wa ziwani. Ni gogo lililochongwa, refu kuliko mtu, la kukanyagia ndizi za pombe, tunazoziita mbire. Mbire zinavundikwa shimoni mpaka zilainike, zinamenywa, zinamwagwa humo pamoja na nyasi. Nyasi ndizo zinazoshika makapi ili maji ya ndizi yatoke safi. Unakanyaga mpaka mapaja yanawaka moto. Kisha maji, unga wa mtama uliokaangwa, majani ya mgomba juu. Kesho yake mnaonja.

Kwetu wanawake walikata nyasi na kuzibeba. Kukanyaga kulikuwa kwa wanaume; mwanamke akiingia mtumbwini, walisema, pombe inaharibika na nyumba inakosa heshima. Lakini Mzee yule, baba yake Kemilembe, hakuwa na mtoto wa kiume, na magoti yake yalikuwa yamekwisha.

"Pombe haina macho," alituambia mimi na Kemilembe. "Kanyageni kwa kisigino. Hapa si ngomani."

Alipofariki, mtumbwi ukawa wa Kemilembe. Tukaupakia kwenye lori la kahawa, tukahamia Nyanga kwa shangazi yake, tukaanza biashara yetu wenyewe. Tuliuza kwenye kilabu kimoja Hamugembe. Mwenye Kilabu akauliza nani anakanyaga. Nikawahi kujibu: kaka yetu, ana aibu, hatoki nje. Uongo wa kwanza ulikuwa wangu.

Huyo kaka alisifiwa kuliko watu wengi waliozaliwa.

"Huu ni mguu wa mwanaume," alisema Mwenye Kilabu akifuta povu mdomoni. "Mwambieni nina binti."

"Tutamwambia, waitu," Kemilembe akajibu kwa heshima, bila kucheka. Njiani alicheka mpaka akakaa chini.

Ikaja ujamaa. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano: kutakuwa na vikundi vya kazi, na kikundi cha pombe kitapewa banda pamoja na ndizi za shamba la wote. Ndicho tulichokuwa tunamwomba Mungu. Asubuhi ile, tukimenya mbire, tukakubaliana: tutasimama sote wawili tuseme ukweli.

Kemilembe akasimama. "Huyo kaka hayupo. Rubisi mnayokunywa ni miguu yetu."

Mmoja akatema mate chini. Mwingine akasema, "Ndiyo maana tumbo linaniuma tangu mwaka juzi," wakacheka wote.

Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa mtu wa kufuata taratibu. "Mwanamke naye ni mwananchi. Lakini mtu mmoja si kikundi. Mwingine ni nani?" Akanitazama. "Wewe msomi, sema."

Mstari wa mbele alikaa mama yake baba wa mwanangu. Mwanaume huyo alikuwa ameahidi kutuchukua, mimi na mtoto, baada ya msimu wa kahawa. Yule mama alikuwa ananitazama miguu. Nikaivuta ndani ya kanga.

"Mimi nabeba nyasi tu," nikasema.

Kemilembe hakunigeukia. Alikaa taratibu, kama mtu anayetua kibuyu kilichojaa.

Banda wakapewa wanaume. Nyanga nzima ikamwita Kemilembe "Kaka". Mimi nikangoja msimu wa kahawa, ukapita. Yule mwanaume alioa kwingine, na mama yake akaniambia barabarani kwamba anayeshinda na mwanamke wa mtumbwini naye ni wa mtumbwini. Kwa hiyo nilisema uongo wa bure. Nina hasira na mama huyo, nina hasira na mwanawe, nina hasira na wote waliocheka siku ile wakati matumbo yao yamejaa kazi yetu. Lakini kila nikiifuata hasira hiyo inanirudisha palepale: hakuna aliyenishika mdomo.

Pombe ya bandani ilichacha. Walikuwa na haraka, wakakanyaga mbire ambazo hazijaiva. Wanywaji wakarudi kwa Kemilembe mmoja mmoja, kwanza kwa mlango wa uani, halafu kwa ule wa mbele. Siku hizi anakanyaga uwanjani, mchana, watu wakiona, na kuna wasichana wawili anaowafundisha.

Mimi neno langu ndilo lililonistaafisha. Nililisema mbele ya kijiji kizima, sasa naliishi: nakata nyasi, nampelekea.

"Nyasi zako nzuri, mwenzangu," ananiambia. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ningependa anitukane.

Kabla ya kukanyaga huweka makarai ya maji ya kunawia miguu kando ya mtumbwi. Wakanyagaji ni watatu. Makarai ni manne. Hajasema la nne ni la nani, wala mimi sijauliza.

Leo asubuhi nimetua mzigo karibu na lile la nne. Maji yalikuwa safi. Nimejifuta umande miguuni kwa majani ya mgomba, nikaondoka.