Usukani wa Kushoto

Fundi aliniambia siku ya kwanza kabisa, kabla hata hajafungua boneti: "Dada, hii gari tuhamishe usukani. Tuuweke kulia kama magari ya wenzako. Utakuja kufa bure."

Nilimjibu vibaya. Mimi ni mwepesi wa hasira, na siku hiyo nilikuwa nimeshinda juani Msamvu, hapa Morogoro, nikitafuta mtu wa kulivuta gari mpaka gereji. Nilimwambia nimemwita azibe kutu, sikumwita anitabirie kifo.

Lilikuwa gari la Kimarekani, stesheni wagoni, refu kiasi kwamba nusu yake ilibaki nje ya kivuli cha gereji. Marehemu baba alilinunua kwa Mmarekani aliyekuwa akirudi kwao. Baba alipofariki lilipandishwa juu ya matofali nyuma ya nyumba, likakaa hapo miaka kumi na mitano. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Kutu ilikula sakafu mpaka ukikaa ndani unaona majani chini ya miguu yako.

Nisingeligusa kama si mama. Alikuwa ameamua kurudi milimani, upande wa Matombo, kwenye ardhi ya ukoo wake. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na neno la kumzuia. Nilimwambia nitamkodia gari zuri. Akakataa. Alitaka kupanda na gari la mumewe, amekaa kwenye kiti chake.

Kiti chake kilikuwa cha kulia. Gari lenye usukani wa kushoto, katika nchi inayoendesha kushoto, lina kasoro moja kubwa: dereva akiwa nyuma ya lori haoni mbele. Baba aliendesha miaka yote kwa macho ya mama. Mama alichungulia dirishani, akasema "Ngoja" au "Pita", na baba alipita bila kuuliza mara ya pili. Sisi watoto kule nyuma tulikuwa kimya, tukisubiri neno lake.

Nilipompelekea ushauri wa fundi, aliniuliza, "Akiuhamisha, mimi nitakuwa nakaa pale kufanya nini?"

Basi usukani ukabaki palepale. Nilijiona binti mwema.

Kazi ilichukua miezi mitano. Fundi alikata sakafu yote, akachomelea bati alilolitoa kwenye pipa la mafuta. Milango niliipiga msasa mwenyewe, yote minne, mpaka ncha za vidole zikawa laini na kuuma. Kilichotushinda ni breki. Pampu yake ya asili haikupatikana popote, akafunga ya pikapu. "Inashika," alisema, "ila ukikanyaga mara ya kwanza ikazama, usiogope. Kanyaga tena." Usiku nililala na maneno hayo.

Wiki ya mwisho nilimleta mama alione. Fundi alimwamkia, "Shikamoo mama," akamsogezea kigoda, lakini mama hakukaa. Alipitisha kiganja mlangoni taratibu, kutoka taa za mbele mpaka nyuma, akatabasamu. "Kijani kile kile cha baba yako."

Gari lilikuwa bado halijapakwa rangi. Lilikuwa na praima tu, ile rangi ya chini, kijivu tupu. Fundi alinitazama. Mimi nikacheka, nikadhani mama anampa fundi moyo. Hata wali aliopika siku hizo ulikuwa na mawe, na mimi nilikuwa namlaumu muuza mchele.

Tuliondoka asubuhi. Mama alisema bismillahi, akafungua kioo, akaegemea dirisha kama zamani. Mpaka Bigwa mambo yalikuwa mazuri. Barabara ilipoanza kupanda, akawa ananitajia kona kabla hatujazifikia: hii kali, hii ina daraja, hapa punguza. Hakukosea hata moja. Nikaanza kulegea mabega.

Kisha tukalikuta lori la saruji. Lilikuwa linapanda kwa mwendo wa mtu mzima anayetoka msikitini, na sisi nyuma yake tunakula vumbi na moshi. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Kusimama kwenye mlima ule niliogopa, maana breki ya mkono sikuiamini. Kushoto kwangu, karibu kabisa na mlango, palikuwa na korongo. Mbele niliona mifuko ya saruji tu. Mshale ukaingia kwenye alama nyekundu.

"Mama, kukoje?"

"Hapa pamenyooka. Pita."

Nikatoka. Gari lilipofika katikati ya barabara ndipo nikaiona pikapu imejaa ndizi, inashuka, iko palepale. Nikakanyaga. Mguu ukazama mpaka chini. Nikakanyaga tena, na breki ikashika, nyuma ikayumba, nikakata kushoto nyuma ya lori. Pikapu ikapita ikipiga honi, kioo chake cha pembeni kikang'oa chetu, upande wa mama.

Niliposhika tambarare nilisimama, nikatia jiwe nyuma ya gurudumu. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye boneti. Nilimpigia kelele mama yangu mzazi, na mpaka leo naona aibu. "Mama, umesinzia? Si umesema pita!"

Aliweka mikono mapajani. "Barabara naijua yote," alisema. "Magari ndiyo siyaoni."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Lilianza jicho moja."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungenipandisha na gari hili?"

Nisingempandisha. Nililia pale barabarani, kwa hofu iliyokuwa bado haijanitoka, na kwa sababu nilikuwa nakula naye meza moja kila siku na sikuona chochote.

"Turudi?" aliniuliza. Aliuliza kwa unyonge ambao sikuwahi kuusikia kwake.

Nikasema haturudi. Nilimwambia sitampita mtu yeyote mpaka tufike, hata tukifika jioni. Tukaenda hivyo, nikisimama kila injini ilipochemka, nikiweka jiwe langu, nikimimina maji. Hakusema tena "Pita". Kila kona alisema "Ngoja", kwa sauti ndogo, nami nikamjibu, "Nangoja, mama."

Tulifika alasiri. Ndugu zake walitoka kumpokea, wakataka kumshika mkono, akawaambia wasubiri. Alikuwa amesimama nje ya mlango wa kulia, kiganja chake kikiwa bado juu ya kiti.

"Kushuka mjini utashuka na nani?"

"Peke yangu, mama."

Akapapasa kiti mara moja, kisha akafunga mlango mwenyewe.

"Basi mwambie yule fundi auhamishe usukani."