Kabaila wa Matayo

Matayo alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Mwitaliano mmoja mwenye shamba la mkonge karibu na Mazinde. Kwa miaka kumi na miwili alifuta vumbi kwenye sanamu ya marumaru ya kijana wa kikabaila wa zamani huko Italia: kichwa na kifua tu, nywele za mawimbi, na kola ya lesi iliyochongwa kama kitambaa cha kweli. Shamba lilipotaifishwa mwaka 1967, tajiri alimwachia sanamu ile akarudi kwao. Matayo akaipakia kwenye lori la mkonge hadi kwake Kwamndolwa.

Tangu hapo hakutulia. Aliiweka sebuleni, wageni wakaacha kuja. Akaikokota hadi jikoni, mkewe Grasiana akalalamika kwamba anapika huku akitazamwa. Siku moja mjumbe wa nyumba kumi alichungulia.

"Mzee Matayo, sisi tunajenga ujamaa, wewe unafuga kabaila?"

Mjumbe alicheka, lakini Matayo alishinda akitoka nje na kurudi, anaitazama sanamu, anatoka tena.

"Itupe mtoni," Grasiana alimwambia.

"Nimemnawisha uso miaka kumi na miwili. Nimtupeje?"

Kesho yake asubuhi alichimba shimo kwenye shamba lao la mihogo. Walipoilaza chali, Grasiana alimzuia mumewe asifukie kwanza. Alivua kanga yake ya mabegani, akaifunika ile sura.

"Mtoto wa watu," alisema. "Mchanga utamwingia machoni."

Matayo aligeuka pembeni, akajifuta machozi kwa mkono wenye udongo. Kisha wakafukia pamoja.