Bunduki Iliyopiga Kushoto

Niliporudi kutoka Ulaya na diploma ya ufundi wa vyuma, watu wa Karatu walidhani nitatafuta kiti cha ofisi Arusha. Nikafungua karakana. Mimi niliyechuma kahawa ya walowezi Oldeani nikiwa peku, nilitundika diploma ukutani juu ya jiliwa la kubania vyuma, na kutoka Mto wa Mbu hadi Ngorongoro hakuna fundi aliyenifikia.

Asubuhi moja bwana nyama, askari wa wanyamapori, alikuja midomo imepasuka, jicho limevimba. Alitoka mazishini. Nyati aliyemjeruhi mguu kwa risasi mbovu alikuwa amemkuta mkulima kwenye mahindi chini ya msitu, akampasua tumbo, kisha akarudi kumsaga kwa magoti mpaka ndugu zake wakamkusanya kwa shuka. Kwetu, mnyama aliyejeruhiwa ni mali ya aliyemjeruhi. Yeye ndiye wa kummaliza. Wafiwa walimpiga bwana nyama palepale kaburini. Kaka wa marehemu alimwambia kwamba ng'ombe wake, yaani nyati huyo, asipokufa kabla ya matanga kuisha, watamfunga kamba mle shambani amsubiri.

"Silengi vibaya, fundi," aliniambia akiilaza bunduki mezani. "Hii inapiga kushoto."

Niliigeuza mara moja nikaona. Kitako cha kwanza kilivunjika, wakachonga kingine cha mninga, nacho kikapinda kidogo. Fundi fulani wa mjini alipotoboa matundu ya kufungia darubini juu ya chemba ya risasi, alipima kwa kufuata mti huo wa kitako, si mtutu. Matundu ya mbele yakakaa pembeni, darubini ikatazama upande. Kuficha aibu, alisokomeza vipande vya kopo la bia chini ya vishikizo vya darubini. Angekuwepo, ningemvunja vidole kwa nyundo.

Nilivua mti wote. Nikapitisha fimbo ya chuma iliyonyooka ndani ya mtutu, nikachora mstari wa katikati kutokana nayo. Matundu potofu niliyakata njia za skrubu, nikayaziba kwa chuma kigumu, nikakisawazisha kwa tupa hadi ukucha usiguse kitu. Kisha nikatoboa mapya, keekee ikizunguka polepole, mafuta yakitoa moshi. Darubini ilikaa kama imezaliwa pale.

Tulikwenda kuijaribu korongoni, upande wa Qurus. Niliweka debe juu ya kichuguu. Akapiga, risasi ikapita kulia. Akapiga tena, kulia tena. Akanigeukia na bunduki mkononi, uso umewiva kwa hasira, akasema nimemuua.

Nilimnyang'anya bunduki, nikalitoboa debe katikati. Ndipo nikaelewa. Alikuwa ameizoea ile kasoro. Miezi yote alilenga kulia ili kufidia, na bega lake lilifanya hivyo bila kumuuliza.

"Bunduki nimeshainyosha," nilimwambia. "Sasa nyooka wewe."

Nilisimama nyuma yake nikiwa na fimbo ya keekee. Kila bega lilipocheza kulia nilimchapa begani, juu ya kidonda alichopigwa mazishini. Alinitukana, mama yangu na diploma yangu pia, hadi debe likawa chujio.

Kulipokucha tulikuwa ukingoni mwa msitu, wafiwa wamejipanga nyuma na mikuki na mbwa wao. Nyati alitoka akichechemea, usaha ukimchuruzika mguuni. Alimrusha mbwa mmoja juu, akamwangukia, kisha akaja moja kwa moja kwa bwana nyama, kichwa juu, pua mbele. Niliona bega likianza kwenda kulia. Likasita. Likarudi.

Mlio ulipotoka, nyati alipiga magoti, akateleza hadi damu ya pua ikamrukia mpiga risasi kwenye viatu. Wafiwa walimvamia kwa mapanga kabla hajaacha kupumua. Mjane alimpiga jembe machoni, akapiga, akapiga, hadi mpini ukavunjika.

Bwana nyama alikaa chini, akatapika. Kaka wa marehemu, yuleyule aliyempasua mdomo, alimwendea akiwa na panga linalodondosha damu. Nikashika mkuki wa jirani yangu.

"Ng'ombe wako amelala," alimwambia. "Nenda kapumzike, bwana nyama."

Wao wakaanza kugombania nyama. Mimi niliinama nikachomeka kidole kwenye tundu la risasi. Lilikuwa katikati ya paji, wala si kushoto wala si kulia.